Mafuta ya Alhamisi

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimegeuza daftari juu chini. Mbele ni ya mafuta, huku nyuma itakuwa yangu. Mulwa hawezi kufika huku — yeye akifungua ni ukurasa wa leo tu, anaangalia namba, anafunga.

Hii kazi ya namba alinipa yeye. Ati mimi nilimaliza darasa la nane na mwandiko wangu unasomeka, wake unafanana na kuku amepita. Kila jioni akiingiza pikipiki kwa boma nachukua kile kijiti cha mwarobaini alichochonga, nafungua tangi, nachovya mpaka chini, natoa haraka kabla hakijakauka. Kijiti kina alama kumi za kisu. Alama moja ni kama nusu lita. Naandika alama, naandika kilomita za kwenye saa ya pikipiki, basi. Anataka kujua pikipiki yake inakunywa namna gani.

Kavata akiwa mgongoni ananusa petroli anapiga chafya. Halafu anacheka! Miezi nane, jino hakuna hata moja, lakini kucheka anacheka kama mama wa chama.

Leo: kilomita 61, alama tatu zimeisha. Ni kama kila siku.


Alhamisi, 4 Septemba

Kilomita 60. Alama mbili tu.

Nimechovya mara ya pili. Mbili. Nikafuta kijiti na leso, nikachovya ya tatu. Mbili!

Nikamuuliza, leo ulisukuma pikipiki? Akacheka, akasema labda tangi imezaa. Akaingia kula muthokoi wake.

Nafurahi kweli, mafuta kubaki ni kitu kizuri. Lakini barabara ni ile ile, Matinyani kwenda Kitui na kurudi, mara mbili. Pikipiki ni ile ile. Mtu ni yule yule. Sasa?


Jumapili, 7 Septemba

Nimejua. Afadhali nisingejua.

Tumetoka ibada, nimesimama kivulini nikimnyonyesha Kavata, Nzisa akaja. Nzisa ni yule anauza mayai. Mwembamba, kilemba cha manjano, anaimba sauti ya kwanza kwa kwaya. Kila Alhamisi anapeleka trei za mayai Kitui mjini. Akanisalimia vizuri, akamshika Kavata shavu, akasema, "Mama Kavata, bwana yako anajua kuendesha! Mimi Alhamisi nakaa pale nyuma nasinzia. Sisikii hata shimo moja."

Alhamisi.

Nikasema asante. Nilisema asante! Mdomo wangu huu.

Mimi Januari nilikuwa na uchungu wa Kavata, alinipeleka hospitali na pikipiki hiyo hiyo. Hakuna shimo nililokosa. Nilirushwa kila tuta mpaka nikafikiri nitamzaa barabarani. Nikimwambia polepole, ananiambia shika. Sasa kuna mtu anasinzia?


Jumatatu, 8 Septemba

Nimerudi mbele ya daftari, nimesoma kurasa za Agosti moja moja, Kavata akilala.

Alhamisi ya tarehe 7 — mbili. Tarehe 14 — mbili. Tarehe 21 — mbili na kidogo. Tarehe 28 — mbili.

Jumatatu zote, Jumanne zote, Ijumaa zote — tatu, tatu, tatu na nusu.

Niliandika mwenyewe kwa mkono wangu na sikuona. Ni kama kupika chakula cha harusi ya mwingine.

Sina wivu. Nauliza tu.


Jumatano, 10 Septemba

Nimeenda kwa Musyimi, fundi wa pikipiki pale steji ya bodaboda. Nimejifanya napita. Ni mzee mpole, ana mikono myeusi ya grisi na Biblia ndogo kwa mfuko wa ovaroli. Nikamuuliza, fundi, ni nini inafanya pikipiki moja, barabara moja, leo inakunywa na kesho haikunywi?

Akasema, mama, ni mkono.

Akanionyesha. Akashika usukani wa pikipiki mbovu, akazungusha mkono wa mafuta ghafla — ati vijana wengi huendesha hivi, wanafungua yote, halafu mbele kidogo wanashika breki, wanafungua tena, wanashika tena. Kila ukishika breki umetupa mafuta uliyokwisha kununua. Anayejua hufungua kidogo kama anafungua mlango wa chumba mtoto amelala. Anapandisha gia mapema, injini isilie. Anakaa arobaini, arobaini na tano, hapo hapo. Akiona shimo mbali anaachilia mapema, pikipiki inajiendea yenyewe polepole. Hakimbii, hasimami.

Nikamuuliza, kwa hivyo ni ule anaendesha taratibu? Akasema ndio, aliyetulia roho.

Aliyetulia roho!

Akaniambia na mengine. Tairi laini inakunywa. Mnyororo mkavu unakunywa. Na breki ya nyuma ikibana — akainua gurudumu, akalizungusha, likazunguka huru. Akakaza nati moja pale nyuma kwa vidole tu, haitaki hata spana. Gurudumu likawa zito. Ati hiyo ikikazwa, pikipiki inavuta kama punda amefungwa jiwe, na dereva hajui, anafikiri ni upepo. Akailegeza tena.

Nimesikia yote. Ningekuwa nasikia hivyo darasani ningekuwa mwalimu.


Ijumaa, 12 Septemba

Kliniki ya Kavata. Amepata kilo nane na nusu, nesi amemsifu. Nilipomtoa nikajipima mimi kwa ile mizani ya watu wazima, hakuna aliyenituma. Sitini na tisa. Kabla ya mtoto nilikuwa hamsini na sita.

Nimerudi, namkuta Mulwa amechangamka, anatembeatembea kwa boma kama jogoo. Kuna shindano! Mzee Mahad, ule ana hoteli mbili Mwingi, anatafuta mtu wa kumpelekea mayai ya huku kila wiki, mwaka mzima. Hataki mtu wa mbio. Anataka mkono uliotulia na pikipiki isiyokunywa. Kwa hivyo Jumamosi ya tarehe 27 madereva wote watatolewa mafuta kwa tangi mpaka ikauke, kila mmoja atiliwe lita moja, tangi ifungwe na selotepu. Wanatoka Kitui barabara ya Mwingi. Atakayefika mbali ndiye amepata kazi. Na kila mmoja lazima abebe abiria mmoja mtu mzima, asije mtu akakimbia peke yake, mwepesi kama karatasi.

Kazi ya mwaka mzima! Nikashangilia, nikamrusha Kavata juu. Nikasema, na abiria ni nani?

Akasema, "Si Nzisa? Ana kilo hamsini tu, na amezoea pikipiki."

Alisema tu hivyo, akainama kufunga kamba za viatu.

Nimechovya kijiti. Tatu na nusu. Nimeandika.


Jumapili, 14 Septemba

Mama amepiga simu kutoka Mbumbuni. Akasikia sauti yangu, akauliza, ni nini? Nikasema ni homa. Akasema, homa ya pua ama homa ya bwana? Nikajifanya nakohoa. Akasema huku Mbumbuni chumba chako bado kipo, mbuzi wawili ndio wanalala ndani lakini watatoka.

Nikacheka nikilia.

Nimefua nguo zote za Kavata. Nikasema zikikauka sizirudishi kwa sanduku, naziweka kwa begi. Jioni zimekauka. Nimekunja moja moja — ile ya njano, ile ina bata, ile Mulwa alimnunulia akiwa na siku tatu ikawa kubwa mpaka leo. Nimerudisha kwa sanduku.

Ninachotaka si kikubwa. Nataka tu huo mkono wa Alhamisi uwe wangu pia, hata Jumanne.


Jumatano, 17 Septemba

Mulwa amepeleka pikipiki kwa Musyimi jioni. Oili mpya, mnyororo umesafishwa. Anajiandaa kwa shindano. Anapiga mluzi.

Kesho ni Alhamisi. Nimeshakuja kujua vile wanakaa. Trei za mayai zinafungwa nyuma kabisa kwa keria, sita, saba, kwa hivyo Nzisa anasukumwa mbele. Nafasi iliyobaki kati yake na mgongo wa Mulwa haitoshi kupitisha daftari hili.


Alhamisi, 18 Septemba

Asubuhi. Naandika haraka. Mulwa alikuwa ananawa nyuma ya nyumba. Nimekaza ile nati. Mizunguko mitatu. Vidole vinanuka grisi, nimenawa na majivu.

Acha leo mafuta yaende. Jioni nitachovya kijiti, kitasema nne, nitamwambia, aa, Baba Kavata, leo imekuwaje? Labda tangi imefiwa na mtoto?

Saa sita. Hajapita kunisalimia, na hupita.

Saa nane. Nimepiga simu, haishikwi.

Saa tisa. Nimekumbuka mteremko. Ule mrefu kabla ya mto, wenye mchanga chini. Kwa nini sikukumbuka asubuhi? Nimekuwa nafikiria mafuta tu, mafuta, mafuta. Gurudumu likibana pale na watu wawili juu? Ee Mungu. Kavata ananivuta nywele anataka kucheza. Mungu wangu, usinisikize vile nilikuwa nasema asubuhi.

Saa kumi na nusu. Wote wawili wako njiani huko pamoja tangu asubuhi, na ni mimi nimewaweka huko.

Saa kumi na moja. Amekuja! Anasukuma pikipiki, suruali imepasuka goti. Nimetoka mbio bila viatu. Nimemshika uso, mikono, nikamgeuza kama natafuta kupe. Akasema, niko sawa, niko sawa, ni breki. Gurudumu la nyuma lilipata moto mpaka likatoa moshi, pale mteremkoni likashika ghafla, wakaanguka kwa mchanga. Polepole, akasema. Kwa sababu alikuwa anaenda polepole. Angekuwa na mbio wangekuwa wameenda. Nzisa ameumia kiwiko. Trei mbili zimekwisha.

Sikuchovya kijiti. Mbele ya daftari, mstari wa leo hauna kitu.


Ijumaa, 19 Septemba

Mulwa ameenda kwa Musyimi asubuhi. Nilisikia kutoka kwa Mwaitu, mamake Mulwa, alikuwa anapita steji akienda kununua chumvi. Amerudi na chumvi na habari yote.

Mulwa alimwambia Musyimi mbele ya watu, "Ulikaza breki yangu kama kifuniko cha dawa! Ulitaka kuniua?" Musyimi akasema sikuigusa breki, nilibadilisha oili. Mulwa akamwambia amezeeka, aende akalime ndengu. Vijana wa steji wakacheka. Musyimi akakaa chini kwa kibao chake, akawa anafuta spana ambayo tayari ni safi.

Mwaitu akasema, mimi huyo mzee najua, hawezi. Akaniangalia. Ama niliona tu ananiangalia.


Jumamosi, 20 Septemba

Sijasema.


Jumatatu, 22 Septemba

Nzisa amekuja hapa nyumbani! Nilikuwa napepeta ndengu, nikaona kilemba cha manjano kinakuja na njia. Kiwiko kimefungwa kitambaa. Ameleta mayai kumi na mawili, yale yaliyopata nyufa Alhamisi. Nikafikiri amejua. Nikafikiri amekuja kunipiga.

Amekuja kunywa chai.

Amekaa kwa kigoda, akamchukua Kavata, akasema, "Ndio huyu? Wewe mtoto, unanisumbua sana! Njia nzima babako ni wewe tu. Ati Kavata amekaa bila kushikwa. Kavata amesema tata, ameita baba. Kavata amenyonya kidole cha mguu. Nikamwambia Mulwa, bwana, mimi nimelipa nauli ama nimelipa habari?"

Sikujua niweke wapi uso.

Nikamuuliza — nilijikaza — lakini si anakuendesha vizuri, hakurushi?

Nzisa akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mimi? Anaendesha mayai! Tulipatana tangu mwanzo, yai likipasuka nauli imekufa. Ungeniona Jumanne nikipanda bila mayai. Ananirusha kama gunia la makaa, mgongo unauma mpaka Jumamosi."

Mayai.

Ni mayai!

Nimekuwa na wivu na mayai.

Halafu akasema Jumamosi haendi kwa shindano, bado anaogopa pikipiki. Nenda wewe, Mama Kavata. Nikasema mimi ni mzito. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, uko vizuri, mimi ndio upepo unanitafuta.

Ameenda. Nimekaanga mayai manne, nimelia juu ya sufuria. Ni mwanamke mzuri na nilimwangusha kwa mchanga.

Na bado kuna kidonda kidogo hapa ndani hakijapona. Trei ya mayai inaendeshwa taratibu kwa sababu ikipasuka kuna hasara. Mimi nikirushwa sipasuki? Nilikuwa na mtoto ndani!


Jumatano, 24 Septemba

Nimemwambia Mulwa, mimi nitakuwa abiria wako.

Akakuna kichwa. Akasema, si ubaya, Mama Kavata, lakini uzito… Anatafuta mtoto wa dada ya dereva mwenzake Kitonga, ule mtu mzima lakini mwembamba.

Nikaingia ndani nikatoa daftari. Nikalishika vizuri, upande wa mbele! Nikamwonyesha namba, na mizigo nikamkumbusha vile nimesikia kwa Nzisa na kwa Mwaitu. Tarehe 21 Agosti, Alhamisi: ulibeba Nzisa, mayai trei sita, na gunia la mbaazi la Mwaitu. Uzito mkubwa kuliko siku zote. Alama mbili na kidogo. Jumanne ya tarehe 26: ulibeba mwanafunzi mmoja mwembamba kwenda na kurudi. Alama tatu na nusu. Nikamwambia, uzito unakula kidogo, ndio. Lakini mkono ndio unakula sana. Pikipiki yako haijui nani amekaa. Inajua vile unafungua.

Akasoma. Akarudi nyuma kurasa, akasoma tena. Midomo inasonga. Nikaogopa atazidi kugeuza afike huku kwangu.

Akasema, "Wewe uliona hii yote?"

Nikasema, mimi ndio naandika.

Akafunga daftari, akanirudishia. Halafu nikamuuliza ile kitu. Nilisema polepole. Kwa nini Januari ulinirusha vile?

Akaangalia chini. Akasema, mkono ulikuwa unatetemeka. Ati kila ukilia nyuma, mkono unafungua wenyewe. Hata hakumbuki kama kulikuwa na mashimo.

Sikujua hiyo. Miezi nane nimebeba hiyo siku kama jiwe, na sikujua.

Basi tumekubaliana. Mwaitu atabaki na Kavata. Mimi nitabeba daftari, niandike saa ya pikipiki mwanzo na mwisho, watu wa Mahad wamesema kila timu iwe na mwandishi.

Na nati nimeinyamazia. Musyimi amepita kwa barabara leo, Mulwa akageuza uso akajifanya anafunga geti. Geti letu ni miti miwili.


Ijumaa, 26 Septemba

Kavata ana jino! La chini, upande wa kushoto, dogo kama punje ya mchele. Ameniuma kifuani nikaruka. Mulwa amelitazama na tochi ya simu mara sita. Ati amwambie nani? Nikasema mwambie Nzisa. Tukacheka wote wawili, lakini mimi nilicheka kwa sababu yangu.

Kesho. Nimejaribu kusema mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anakula. Mara ya pili alikuwa anaomba. Mara ya tatu nilifungua mdomo nikamwambia helmeti yangu inabana.


Jumamosi, 27 Septemba

Nimekaa kwa ukuta wa karavati, pale maji yanapita chini ya barabara. Pikipiki imekufa hapa dakika kumi zimepita. Mbele ya daftari nimeandika: mwanzo 24,310. Mwisho 24,376. Kilomita sitini na sita! Na watu wawili juu! Mnara wa simu wa Mwingi unaonekana pale mbele, na mabati yanang'aa. Kidogo tu. Laiti tungekuwa na petroli ya kikombe kimoja cha chai.

Tulitoka pikipiki kumi na moja. Nane tumezipita zikiwa zimelala kando, Kitonga akiwa wa mwisho, akatupungia mkono na helmeti. Mbili ziko nyuma hatujaziona, hatujui kama zinakuja. Hapa mbele yetu hakuna mtu. Gari la kuokota pikipiki liko chini kule darajani tulikotoka, naliona, pick-up ya bluu. Walitangaza asubuhi fundi wa shindano atakuwa ndani.

Fundi ni Musyimi.

Acha niandike vile ilikuwa kabla hajafika.

Mulwa alifungua mkono kama vile mzee alisema, kama mlango wa chumba mtoto amelala. Gia ya kwanza kidogo, ya pili, ya tatu, ya nne, injini haikulia hata mara moja. Arobaini na mbili, arobaini na tatu. Wengine walitupita mwanzoni wakitucheka, ati tunapeleka maiti? Mkono wake haukuongeza. Akiona mlima mbali anaongeza kidogo kabla. Akiona ng'ombe mbali anaachilia mapema, tunafika wakiwa wameshapita. Upepo ulikuwa mdogo. Nilisahau kushika. Nilijua sasa vile Nzisa alikuwa anasinzia.

Lakini nilikaa pale nyuma na ile roho yangu mbaya inauliza. Hii ni ya lita ama ni yangu? Mayai yana nauli. Leo kuna kazi ya mwaka mzima. Mkono umetulia, lakini umetulia kwa nani?

Halafu ile sehemu lami imemegeka. Kilomita ya hamsini na kitu. Lami imekatika kabisa, kingo kama ngazi, na tulikuwa tunateremka vizuri na kasi ya bure. Mtu wa kushinda anaachilia pikipiki iruke ipite, asipoteze hata tone. Mimi najua, nimesoma namba hizo mwezi mzima. Nikakaza meno nirushwe.

Mulwa alishika breki.

Alishika mpaka tukakaribia kusimama. Tukashuka ile ngazi taratibu, gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma. Halafu akaanza tena kutoka gia ya kwanza, na gia ya kwanza ndiyo inakunywa kuliko zote. Nikapiga kelele sikioni mwake, "Mulwa! Mafuta! Kwa nini umeshika breki?"

Akasema bila kugeuka, "Na wewe nikuweke wapi?"

Basi.

Labda ni hapo kikombe chetu cha chai kiliishia. Labda wale wawili watatupita kwa sababu ya hiyo. Sijali. Ninajali, lakini sijali.

Ilipokufa, alicheka, akapiga tangi kofi, akasema daftari lako ndilo limetufikisha hapa, Mama Kavata. Akanishusha kama mgeni. Na mimi nikasikia harufu ya grisi kwa vidole vyangu, na nilinawa siku tisa zilizopita.

Nikamwambia.

Nilisema nikiangalia mnara. Breki ilikazwa na mimi. Mizunguko mitatu. Musyimi hakuigusa. Nilitaka mafuta ya Nzisa yaishe. Sikufikiria mteremko. Yote nikayatoa, hata mayai, hata mizani ya kliniki.

Alinitazama mara moja, jicho ambalo sijawahi kuona. Akaenda akachuchumaa nyuma ya pikipiki. Akashika ile nati kwa vidole viwili, akaizungusha mbele kidogo, akairudisha. Mbele, akairudisha. Ndio nikachukua daftari nikaanza kuandika, kwa sababu mikono yangu haikuwa na kazi.

Sasa ameinuka. Amefuta mikono kwa suruali. Kule chini pick-up bado imesimama, naona mtu mwenye ovaroli anafunga kamba kwa pikipiki ya mtu. Barabara kutoka hapa mpaka kwake ni mteremko mtupu, haihitaji mafuta.

Namba yetu imeshaandikwa, hakuna anayeweza kuifuta. Mulwa ameigeuza pikipiki. Ameielekeza uso chini, kule kwa Musyimi.

Amesema neno moja, "Panda."

Sijui amelisemaje. Nimelisikia na bado sijui. Amekaa mbele, ameacha nafasi yangu nyuma, kubwa, na anakanyaga ile breki kwa mguu, mara moja, mara mbili, anaijaribu. Hajageuka. Ananingoja.